Sumaku inapangaje gesi kati ya nyota wakati haidrojeni haivutwi na sumaku?

Swali la leo limetoka kwa mdau wa Mbagala, naliweka kama alivyoandika: "Shkamoo mwalimu. Nimeona picha ya mawingu ya gesi huko kati ya nyota yamekaa nyuzinyuzi, maelezo yanasema sumaku ndo imeyapanga hivyo. Mimi fundi wa tivii na spika, sumaku nazishika kila siku, ninavyojua mimi inavuta chuma na ndugu zake basi. Haidrojeni inavutwaje? Afu si tunaambiwa huko juu ni patupu, sasa hiyo sumaku imekaa kwenye nini? Na nani alienda kuipima?"

Marahaba fundi. Uko sahihi kwamba sumaku haivuti haidrojeni, na hao waliopiga hiyo picha nao wanajua haivuti, ni maelezo tu yamebanwa mno. Sumaku huko juu kazi yake ni kuzuia. Inaiambia gesi upande huu pita, upande ule hupiti, na mtu ukishamfungia njia zote ukamwachia moja basi utamkuta kwenye hiyohiyo. Jibu ndo hilo, ila kulielewa vizuri inabidi tuzunguke kidogo.

Tuanze na hiyo patupu. Sio patupu kabisa. Hewa ya hapo kwenye banda lako, kila sentimita moja ya ujazo ina molekuli kama bilioni 25 mara bilioni. Kati ya nyota, sentimita hiyohiyo ina atomu moja hivi. Na hiyo moja ni wastani, na wastani unaficha mengi, coz gesi ya huko imegawanyika vibaya mno. Kuna gesi ya moto, digrii milioni moja, imechemshwa na nyota zilizolipuka, hiyo ni nyembamba kiasi kwamba lita nzima unapata atomu chache za kuhesabu kwa vidole. Kuna ya uvuguvugu digrii elfu sita mpaka elfu kumi, inajaza nafasi kubwa. Kuna ya baridi, minus 170 hadi minus 200 hivi, na mwisho kabisa kuna mawingu ya molekuli, digrii 10 mpaka 20 tu juu ya sifuri kabisa, yaani baridi ya mwisho ya minus 273, humo chembe zinaanzia mamia na katikati zinafika milioni kwa sentimita moja ya ujazo. Nyota zinazaliwa humo. Na hata hapo kwenye milioni bado ni utupu ambao pampu ya mafundi wa friji na AC haiufikii hata karibu.

Sasa nguvu ya sumaku yenyewe. Chukua simu yako, tafuta app yoyote ya kusoma sensa ya dira, zipo za bure nyingi. Hapa Dar itakuonyesha mikrotesla 30 na kitu, hiyo ni sumaku ya dunia. Isogeze kwenye spika utaona namba inapanda kama kichaa. Kati ya nyota ingetakiwa isome kama nusu ya nanotesla, na nanotesla elfu moja ndo mikrotesla moja, yaani mara elfu sitini na zaidi chini ya ile uliyosoma mezani. Simu yako ingesema sifuri na usingeilaumu.

Hapo ndo watu wengi wanakataa, wanasema kitu kidogo hivyo kitampanga nani. Lakini jiulize kinashindana na nani. Uga wa sumaku, yaani eneo lote ambalo nguvu ya sumaku inafika, una presha yake, inategemea nguvu ya uga ikizidishwa kwa yenyewe, na ukipiga hesabu ya nusu nanotesla unapata presha inayolingana na ile ya joto la gesi, mara nyingi inaizidi. Miale ya kosmiki, yaani chembe zinazokatiza anga kwa kasi kubwa sana, nayo presha yake iko hapohapo, na misukosuko ya gesi kwenda huku na huku nayo iko hapohapo. Kwa hiyo ni wanyonge wanne wanasukumana kwenye chumba kimoja na hakuna anayeweza kuwapuuza wenzake. Hapa mtaani sumaku ya spika haiwezi kuusukuma upepo kwa sababu hewa yetu karibu haina chembe zenye chaji ya umeme za kushikwa na sumaku, kule juu zipo, tutazifikia.

Imekaa kwenye nini? Wewe unajua jibu, koili ya spika haina sumaku mpaka umeme upite. Huko umeme unapita ndani ya gesi yenyewe, hamna kipande cha chuma popote, na galaksi yetu kwa kuzunguka na kwa misukosuko yake inaendelea kuunyoosha na kuuzidisha huo uga, tunaita dainamo. Mbegu ya kwanza kabisa ilitoka wapi watu bado wanabishana, tuwaache.

Twende kwenye kiini. Gesi ya kati ya nyota ina chembe zenye chaji, elektroni na ayoni, yaani atomu zilizong'olewa elektroni, na chembe yenye chaji ikikatiza uga wa sumaku inapindishwa, inaanza kuzunguka duara. Protoni kwenye gesi ya uvuguvugu inakwenda kama kilomita 10 kwa sekunde, na kwenye uga wa nusu nanotesla itazunguka duara lenye nusu kipenyo cha kilomita kama 200, yaani hapa mpaka Morogoro, na itamaliza raundi moja kwa dakika mbili hivi. Kilomita 200 zinaonekana nyingi kwa mwenye basi. Kwa wingu lenye upana wa miaka ya nuru kadhaa, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita trilioni tisa na nusu, hicho ni kijiduara kisichoonekana. Kwa hiyo protoni imefungwa. Kukatiza mistari ya uga, ile tunayoichora kuonyesha uga unaelekea wapi, haiwezi, itaishia kuzunguka palepale, ila kuteleza kufuata mstari inaruhusiwa bila tatizo. Shanga kwenye uzi, inakwenda mbele inarudi nyuma, pembeni haitoki.

Utaniuliza sasa na haidrojeni ambayo haina chaji, hiyo sumaku haioni kabisa. Kweli haioni. Ila inagongana na zile zenye chaji. Kwenye gesi ya baridi, mwanga wa nyota unaing'oa elektroni atomu ya kaboni, na kaboni ni kama moja kwa kila atomu elfu kadhaa za haidrojeni. Ndani kabisa ya mawingu mazito mwanga haufiki, inabaki miale ya kosmiki ndo inafanya hiyo kazi, na hapo unakuta chembe moja yenye chaji kwa kama milioni kumi zisizo na chaji. Chache mno, lakini mawingu yana muda, mamilioni ya miaka, kugongana kunatokea vya kutosha, na hao wachache wakikataa kukatiza mistari wanawakatalia na wenzao. Ndo maana tunasema gesi na uga vimegandana, gesi ikisogea inaondoka na mistari yake, mistari ikikaza inaizuia gesi. Aliyeweka hilo wazo mezani ni Hannes Alfvén, Msweden, akaja kupata Nobel ya fizikia mwaka 1970.

Nani alienda kupima. Kwanza hakwenda mtu, na hii sehemu nadhani utaipenda wewe kuliko wasomaji wengine. Unaijua ile karatasi ya polaraiza inayobandikwa kwenye kioo cha tivii au simu, mnayoibadilisha ikiungua. Shika kipande, tazama nacho skrini inayowaka, kizungushe taratibu: kuna pembe mwanga unapita, ukifika robo ya mzunguko skrini inakuwa nyeusi tii. Ni kwa sababu mwanga wa skrini unatikisika upande mmoja tu. Mwanga wa nyota ukitoka kwenye nyota unatikisika pande zote sawa, hata uzungushe vipi usione tofauti. Mwaka 1949 Wamarekani wawili, William Hiltner na John Hall, wakatangaza kwamba mwanga wa nyota nyingi za mbali umeelemea upande mmoja, kidogo, asilimia chache tu, lakini upo na unapimika. Na nyota za jirani angani zilikuwa zinaelemea karibu upande uleule. Maana yake kuna kitu njiani kinafanya kazi ya polaraiza.

Kitu chenyewe ni vumbi. Gesi ya kati ya nyota imechanganyika na vumbi laini kuliko moshi, na chembe zake hazina umbo la mpira, zina urefu na ufupi. Zinazunguka zenyewe kwa kasi, na mhimili wa kuzunguka unajipanga kufuata uga wa sumaku, kwa hiyo ule upande mrefu unalala kukatiza uga. Leverett Davis na Jesse Greenstein walieleza namna zinavyojipanga mwaka 1951, siku hizi tunaamini mwanga wenyewe unaozipiga ndo unachangia zaidi kuzizungusha na kuzipanga, ila matokeo hayabadiliki. Vumbi linakula zaidi mwanga unaotikisika kufuata upande wake mrefu, unaobaki kutufikia unatikisika sambamba na uga. Pima pembe ya mwanga wa nyota elfu moja na umeshachora ramani ya uga bila kutoka nje ya dunia. Subrahmanyan Chandrasekhar na Enrico Fermi mwaka 1953 wakaongeza ujanja mwingine: tazama hizo pembe zimenyooka kiasi gani. Uga wenye nguvu haukubali kutikiswa na misukosuko ya gesi, unabaki umenyooka, uga dhaifu unapindapinda. Kutokana na kupinda unakadiria nguvu. Ni makadirio, yanaweza kukosea mara mbili au zaidi na kuna watu wanayaamini kupita kiasi, lakini kwa mahali pengi ndo tulichonacho.

Vumbi hilohilo nalo linawaka lenyewe, kwa mawimbi marefu ambayo jicho halioni. Tarehe 14 Mei 2009 roketi moja iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, imebeba darubini mbili, Planck na Herschel. Planck ilipima mwelekeo wa uga mbingu nzima kwa kutumia mng'ao wa vumbi. Herschel ikapiga picha za mawingu kwa undani, ikaonyesha karibu kila wingu limejaa nyuzi, hata yale mawingu ambayo hayajazaa nyota bado.

Na hapa fundi naomba nikutahadharishe. Kama picha uliyoiona ni ile ya rangi za chungwa na bluu zenye michirizi kama mbao iliyopigwa brashi, ile ni ya Planck na ile michirizi sio gesi. Ni kompyuta imechora mwelekeo wa uga juu ya picha ya vumbi. Watu wanazisambaza kila siku wakidhani ni nyuzi za gesi. Nyuzi za kweli zipo, ila sio zile. Na kuna picha nyingine ya katikati ya galaksi yetu, iliyopigwa na MeerKAT huko Karoo, Afrika Kusini, darubini ya madishi 64, ikatoka mwaka 2022, ina nyuzi karibu elfu moja zimesimama kama mikwaruzo. Hizo nazo ni habari tofauti, zinawaka kwa sababu elektroni zenye kasi kubwa sana zinazunguka kwenye uga na kutoa mawimbi ya redio. Zinahusu sumaku kweli, lakini sio gesi iliyopangwa.

Ya kweli kabisa unaweza kuonyeshwa upande wake angani. Kuanzia Novemba hadi Machi jioni, sogea sehemu yenye giza, Kigamboni kule ndani au Bagamoyo, maana hapa mjini taa zimeua anga. Tazama kaskazini utafute Kilimia, zile nyota zilizojikusanya. Kulia kwake na chini kidogo kuna sehemu yenye nyota chache, kwa macho huoni lolote. Hapo pana wingu la Taurus, miaka ya nuru kama 450 kutoka hapa. Ndani yake kuna uzi mrefu wa gesi nzito unaitwa B213, namba imetoka kwenye orodha ya Edward Barnard aliyepiga picha za sehemu nyeusi za anga zamani. Uzi huu umelala kukatiza uga wa sumaku, karibu pembe mraba. Lakini pembeni yake, kwenye gesi nyembamba, kuna michirizi midogo mingi, na hii ni gesi kweli, ilionekana kwenye ramani ya kaboni monoksaidi iliyotoka mwaka 2008 halafu Herschel ikaiona pia, na hiyo michirizi inafuata uga, inakuja kugota kwenye uzi mkubwa. Yaani gesi inateleza kufuata mistari na kujikusanya pale. Mimi katika kila nilichokisoma kuhusu hii mada sijaona mahali panapoonyesha vizuri hivyo.

Na sio Taurus peke yake. Planck ilipoyaangalia mawingu ya jirani ilikuta kitu kilekile kinajirudia: gesi nyembamba nyuzi zake ziko sambamba na uga, ukiingia kwenye gesi nzito nyuzi zinageuka kukatiza. Kwenye gesi nyembamba misukosuko inainyoosha gesi na uga kwa pamoja, maana vimegandana, kwa hiyo vinaelekea upande mmoja. Gesi ikizidi, mvutano wa uzito wake unaanza kuikusanya, na njia rahisi ya kukusanyika ni kuteleza kufuata mistari, kutoka pande mbili kuja kukutana katikati, kwa hiyo kinachojengeka kinakuwa kimelala kukatiza.

Kama hizo pembe hazikutoshi, kuna ushahidi wa namba, na huu hautumii vumbi kabisa. Haidrojeni inatoa wimbi la redio la megahezi 1420. Uga wa sumaku unaligawa hilo wimbi kidogo, kwa kila nanotesla moja hezi 28. Hezi 28 kati ya megahezi 1420, na wakati huohuo gesi inayotembea kilomita moja tu kwa sekunde inalisogeza wimbi karibu hezi elfu tano. Wewe unayetafuta stesheni kwenye redio unaelewa hiyo ni kazi gani. Gerrit Verschuur alilipata mwaka 1968, na tangu hapo watu wamekusanya vipimo vingi. Richard Crutcher na wenzake walivipanga pamoja mwaka 2010, wakaona kwamba gesi ikiongezeka kutoka chembe chache mpaka kama 300 kwa sentimita moja ya ujazo, uga hauongezeki, unabaki chini ya nanotesla moja hivi. Baada ya hapo unaanza kupanda pamoja na gesi. Ungekuwa unabanwa kwa pembeni tangu mwanzo ungepanda tangu mwanzo. Haupandi, kwa hiyo gesi inaingia kwa kufuata mistari, na mistari haibanwi mpaka uzito wa wingu unaposhinda.

Kuhusu kwenda kabisa, kipo kilichokwenda. Chombo cha anga Voyager 1 kilitoka kwenye upepo wa jua, yaani chembe ambazo jua linapuliza pande zote, tarehe 25 Agosti 2012, Voyager 2 ikafuata tarehe 5 Novemba 2018, zote zina vipima sumaku, na zilisoma karibu nusu ya nanotesla kama ilivyokadiriwa kwa mbali. Kilichochekesha ni kwamba Voyager 1 ilipotoka, mwelekeo wa uga karibu haukubadilika, wakati wengi walitegemea ugeuke ghafla, kwa hiyo watu walibishana mwaka mzima kama imetoka au haijatoka. Ilibidi wapime wingi wa elektroni kwa mtetemo wa gesi yenyewe ndo NASA ikatangaza Septemba 2013.

Sasa kuna jambo hukuuliza lakini linafuata. Kama gesi imegandana na uga, wingu likijikunja mpaka liwe nyota lingebana uga wote na nyota ingezaliwa na sumaku kali maelfu kwa maelfu ya mara kuliko tunavyopima kwenye nyota changa. Kwa hiyo mahali fulani kugandana kunalegea. Ni kule katikati ya wingu zito, zenye chaji zimebaki moja kwa milioni kumi, gesi isiyo na chaji inaanza kupenya taratibu na kuacha uga nyuma. Leon Mestel na Lyman Spitzer walilisema hilo mwaka 1956. Miaka ya themanini wengi waliamini kupenya huku ndo kunaamua kila kitu, nyota inazaliwa pale uga unapokuwa umevuja vya kutosha, halafu miaka ya elfu mbili upepo ukageuka watu wakasema misukosuko ndo bosi, sumaku ni mpita njia. Mimi nawaona wote walivutia kwao. Vipimo vya mawingu mazito vinaonyesha mvutano una nguvu kama mara mbili ya kile uga unachoweza kuzuia, kwa hiyo uga peke yake hauwezi kulishikilia wingu lisianguke, lakini mara mbili sio mara mia, anayeuacha kwenye hesabu atapata jibu baya.

Baya kiasi gani? Galaksi yetu inatengeneza nyota zenye uzito wa jua moja mpaka mawili kwa mwaka. Mawingu yote ya molekuli yangeanguka bila kizuizi tungepata mara mia na zaidi ya hapo. Kwenye kompyuta, ukitengeneza wingu lenye misukosuko ukazima uga, gesi inavunjika vipande vingi vidogo haraka na nyota zinazaliwa kwa kasi kama mara mbili au tatu ya ile unayoipata uga ukiwepo. Kilichobaki kati ya mara tatu na mara mia ni kazi ya misukosuko, na ya nyota zenyewe zikishazaliwa zinavyoyapuliza mawingu yaliyozizaa.